Niliwachimbisha Wazazi Choo kwa Vumbi la Funguo

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si njaa, si mume. Ni mimi mwenyewe na kikopo changu cha mafuta ya kujipaka, na kilichokuwemo wala hakikuwa mafuta! Jina langu nalificha kwa sababu bado nafundisha, na afisa elimu wetu husoma kila kipande cha gazeti, hata kile kilichofungiwa maandazi.

Nafundisha hisabati shule ya msingi moja huku Shinyanga vijijini, upande wa kuelekea Mwakitolyo. Anayeijua Mwakitolyo ameshajua shida yetu. Mtoto akifika darasa la tano anaanza kupotea kidogo kidogo. Leo yupo, kesho yuko machimboni anakosha mchanga na karai la mama yake. Muulize asilimia, atakutazama kama umemtukania bibi yake. Muulize bei ya dhahabu, anayo ya asubuhi na ya jioni.

Sasa wakatokea watu wakatangaza ruzuku ndogo kwa walimu wenye ubunifu darasani. Si hela za kujengea ghorofa, ni za kununulia vifaa tu. Nikawaza: kama watoto wanakimbilia mgodini, basi mgodi nao uje darasani! Nikaomba, nikapata. Mradi nikauita Mgodi wa Darasa.

Nikanunua makarai, mizani midogo, kamba na vigingi vya kupimia eneo. Na dhahabu je? Dhahabu niliipata sokoni Shinyanga mjini kwa fundi funguo, lile vumbi la njano linalodondoka anapochonga. Alinijazia kikopo, akaniuliza nataka kumroga nani. Nikamwambia darasa la sita.

Wee! Watoto walianza kufika kabla ya kengele. Tunagawa uwanja kwa kamba, tunatafuta eneo, nachanganya vumbi kwenye mchanga, wanakosha, wanapima, wanatoa asilimia. Niliwaambia wazi kwamba ile si dhahabu, ni vumbi la funguo. Wakacheka, wakaendelea kugombania mizani.

Aliyeongoza wote alikuwa Minza. Huyu binti ana kichwa, jamani! Baba yake alikuwa mchimbaji zamani, akanusurika kufukiwa shimoni, akaapa mbele ya mkewe kwamba hagusi sururu tena. Akarudi kulima kwa maksai wake wawili, na Minza akabaki shule. Wageni wa ruzuku walipangiwa kuja kuona mradi kama unafaa kuendelezwa, na mimi nikamwahidi Minza kwamba yeye ndiye atakayesimama na mizani mbele yao. Mtoto alifurahi hadi akashona sketi upya.

Lakini mtoto wa huku akirudi nyumbani hasemi tumejifunza eneo. Anasema tumepata dhahabu shuleni! Jumatatu tukakuta wanaume uwanjani na sururu zao. Huku kwetu dhahabu ikisikika tu mahali watu huhamia, wenyewe wanaita rashi. Mwalimu mkuu akawatolea macho, akawaeleza ni vumbi la funguo, akawaonyesha na kikopo. Wakanuna, wakaanza kukusanya vifaa vyao.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Maana hebu niambie wewe. Choo chetu cha wasichana kilikuwa kimetitia tangu masika. Watoto wanakwenda vichakani, wasichana wakubwa siku zao zikifika hawaji kabisa. Kila mkutano tunawabembeleza wazazi waje wachimbe shimo, vigingi tumeshasimika nyuma ya stoo. Jibu lao moja: serikali itachimba. Leo hii wanaume wazima wamesimama shuleni kwangu, wana nguvu, wana sururu, na wanaondoka! Roho iliniuma. Kisha ikacheka.

Kesho yake mchana, watoto wakiwa kwenye uji, nikaenda nyuma ya stoo najifanya namwaga mbegu za mchicha. Nikamwaga kikopo kizima ndani ya vile vigingi. Kuku wa mwalimu mkuu alinifuata nyuma akidonoa, akagundua si mbegu, akanitazama vibaya. Yule kuku ndiye peke yake aliyenielewa siku ile.

Jioni wazazi wanapita njiani kutoka mashambani, nikapaza sauti nikiwafokea watoto: "Nisimwone mtu nyuma ya stoo! Huko hapagusiki! Atakayegusa mchanga wa huko atanijua!"

Basi! Ungemwaga matangazo redioni usingepata watu wale. Asubuhi stoo ilikuwa imezingirwa.

Mwalimu mkuu akaniita pembeni. "Mwalimu, kuna nini nyuma ya stoo?"

"Vigingi vya choo, mkuu."

Akaangalia wale wanaume, akaniangalia mimi, akaangalia kikopo kitupu mezani kwangu. "Mwalimu, wewe ni mtu mbaya sana," akasema. Kisha akatoka nje na kamba ya kupimia, akawatangazia kwamba shule inaruhusu shimo moja tu, liwe ndani ya vigingi, kingo zinyooke watoto wasije wakatumbukia. Na wakanyoosha!

Nilicheka, ndugu zangu, siwezi kuwaficha. Nikiwa ubaoni nasikia sururu, namwaga machozi ya kicheko. Wale wale waliotuambia serikali itachimba, sasa wanapokezana kwa zamu, na wakiona mwamba wanafurahi.

Siku moja akaja Baba Minza. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Baba Minza."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja na neno dogo." Akasogea karibu. "Minza ananiambia ni vumbi la funguo. Nimekubali, ile ya uwanjani ni funguo. Lakini hii ya nyuma ya stoo, watoto hawakuwahi kufika huko. Nimeiona kwa macho yangu inang'aa. Wewe umesoma, na huwezi kumdanganya mzazi. Gete, mwalimu, ipo?"

Gete kwa Kisukuma ni kweli kabisa. Ukiulizwa hivyo na mtu mzima unatakiwa ujibu kama uko kanisani. Na mimi nikapiga hesabu. Shimo lilikuwa limefika kifuani tu, na choo kinataka kina zaidi ya hapo. Nikatabasamu.

"Baba Minza, ya chini ya ardhi anayajua Mungu."

Akanishukuru! "Wabeja, mwalimu," akavaa kofia yake akaondoka.

Sikujua anakwenda wapi. Alikwenda mnadani na maksai mmoja. Kwenye mashimo ya huku anayewalisha wachimbaji ndiye mwenye fungu kubwa la kitakachopatikana, naye akataka kuwa yeye. Nilipoona wanaume wanakula ugali kwa nyama shimoni nikadhani wamechangishana. Nilifurahi hata kwa hilo, maana walioshiba wanachimba haraka.

Shimo likafika kina. Siku hiyo hiyo akaja broka, mnunuzi wa dhahabu, na kichupa chake cha tindikali. Akadondosha tone, vumbi likachemka kijani. Akawacheka hadi akakaa chini. "Mnachimba kufuli nyie! Hii ni kufuli iliyosagwa!" Wengine wakasema anawatisha ili abaki peke yake. Wakachimba zaidi, Mungu awabariki. Mwisho wakachoka, wakatawanyika wakitukanana, na mwalimu mkuu akatuma watu wapange mawe na kumwaga zege kabla ya mtu kubadili mawazo.

Mvua za kwanza zikanyesha. Minza hakuja shule. Kesho yake hakuja. Nikamuuliza mwenzake wa dawati, akanijibu bila kunitazama: "Analima, mwalimu. Ng'ombe mmoja havuti jembe."

Nilijua kabla hajamaliza kusema ile nyama ya shimoni ililipiwa na nani.

Siku ya wageni ikafika. Wazazi wamealikwa, Baba Minza yupo nyuma kabisa amesimama. Wageni wakaona makarai, wakaona mizani, kisha wakaona choo. Mama mmoja kati yao akashangaa. "Hili shimo wamechimba wazazi? Bila malipo? Kwingine kote tunalia na wazazi! Mwalimu, umewezaje kuwashirikisha?"

Mwalimu mkuu alishikwa na kikohozi. Mimi nikasema, "Kwa kushirikiana tu." Nikapigiwa makofi!

Yule mama akauliza, "Na yule mwanafunzi wa kutuonyesha mizani yuko wapi?"

Sauti ya Baba Minza ikatoka nyuma: "Yuko shamba. Analima kwa jembe la mkono na mama yake."

"Hongera, watoto wa siku hizi hawapendi kilimo," mgeni akasema, wakaendelea na ziara. Baba Minza alinitazama.

Asubuhi nikaenda shambani kwao. Mama Minza aliitikia salamu bila kuacha jembe. Minza alikuwa mbele yake, kainama, na ile sketi aliyoishona ndiyo aliyolimia. Nikamweleza Baba Minza yote. Kikopo, mbegu za mchicha, kelele za stoo, yote. Nikasubiri anipige hata kofi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, baba."

"Huyu mtoto aliniambia ni funguo. Nikamwambia ananyamaza au namchapa, mwalimu wake hajakataa." Akageuka kumtazama Minza. "Nilimwita mwongo."

Hapo nililia kweli. Ng'ombe anauzwa na ananunuliwa, lakini mtoto alisema kweli nyumbani kwao, na mimi kwa tabasamu langu nikamfanya mwongo.

Nilikuwa na njeku wangu mmoja, dume changa nililolitegemea niliuze nimalizie bati za nyumba. Nikampelekea. Baba Minza akamzunguka, akamshika nundu, akasema, "Huyu hajui jembe. Atafundishwa na nani?" Akanikabidhi kamba. "Wewe si mwalimu?"

Basi kila Jumamosi, mimi mwenye cheti cha ualimu, natembea mbele ya njeku nimeshika kamba, nalamba tope, na darasa la sita zima limekaa juu ya kichuguu linanihesabia nilivyoanguka. Wananitolea na asilimia! Mwalimu mkuu alipita na baiskeli akasimama, akasema huo ndio ushirikishwaji wa jamii. Nyumba yangu hadi leo haina bati upande mmoja.

Wale wa ruzuku niliwapigia simu nikawaambia ukweli, maana walitaka nikafundishe walimu wengine jinsi ya kuwashirikisha wazazi. Mama yule akacheka kidogo, akaacha kucheka. Mgodi wa Darasa unaendelea, ila chini ya mwalimu mwingine. Nastahili. Choo kipo, wasichana wanakitumia, kijiji kizima kinakiita Kufuli. Kila nikisikia mlango wake unafungwa, nasikia aibu na nasikia raha, vyote pamoja, Mungu anisamehe.

Walimu wenzangu, buni, omba ruzuku, lete mgodi darasani, lete hata mnada wa ng'ombe. Lakini mzazi akivua kofia mlangoni kwako akakuuliza, mjibu! Usimtajie Mungu wakati jibu unalo wewe kwenye kikopo. Huku kwetu watu wamedanganywa na mabroka, na wenye mashimo, na waganga. Wa kuwaamini walibakiza sisi tu.

Minza amerudi, anakaa dawati lake la mbele. Wiki hii nimewafundisha kwamba pembe za pembetatu yoyote zikijumlishwa ni nyuzi mia na themanini. Wote wakaandika. Yeye akanyoosha mkono, kwa adabu zote.

"Gete, mwalimu?"

Darasa likacheka. Mimi nikampa kipima pembe changu, nikamwambia apime mwenyewe. Akachora pembetatu, akapima, akajumlisha. Kisha akafuta, akachora nyingine, akaanza upya, nasi sote tukamsubiri.