Mahari ya Kujilipa

Ule wimbo hata leo ukipigwa harusini mimi natoka nje. Wenzangu wanadhani nakwenda kupunga upepo. Acha wadhani.

Ulitufikia mtaani kwetu Buyenzi kwa kaseti, wakati wa vita, mwaka ambao tulikuwa tumeshazoea milio ya bunduki kutoka vilimani hadi mtu akisikia mmoja anaendelea kumenya vitunguu vyake. Mwimbaji alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, kama aliyetoka kulia akanawa uso. Aliimba kwamba mumewe kamwacha, na yeye hana kinyongo, anamshukuru kwa kumwachia kioo, maana sasa anajiona vizuri. Kisha kinakuja kiitikio: leo najiposa mwenyewe, mahari nimejilipa. Basi, hakuna zaidi. Lakini mtaa mzima uliunasa. Mafundi wa gereji waliuimba wakiwa chini ya magari, wanaume wazima wenye wake zao nyumbani, eti nao wanajiposa.

Mimi nilikuwa na haki ya kuuimba kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeachwa kweli.

Tuliachana kwa ajili ya kukimbia. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Kamenge, karibu na ile hospitali kubwa, na mume wangu alikuwa fundi wa gia, kazini Buyenzi kuanzia asubuhi. Siku moja mchana risasi zikaanza karibu sana. Nilifunga mlango nikakimbia na watu wengine, na miguu yangu yenyewe ikanipeleka kwa mama, Buyenzi. Sikumtumia neno. Ningemtuma nani? Ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba nilifika kwa mama, nikaoga, nikala, nikalala, na gereji yake ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka pale. Nilijiambia kesho. Kesho yake njia zikafungwa, hakuna wa kutoka hata mlangoni, nikajiambia tena kesho. Kumbe yeye siku ile ile alikuwa amepita njia za panya hadi Kamenge, akakuta kufuli. Siku mbili alizunguka hospitalini akifunua mashuka ya watu. Siku ya tatu akaja kwa mama, nguo zimechakaa, macho mekundu, akanikuta uani nakula ugali na samaki wa mukeke.

Aliangalia ile sahani, kisha mimi. Halafu akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Alimtukana mama pia, kwamba ananifundisha kiburi. Mwisho akasema nimekuacha, talaka moja, akaondoka bila hata kunywa maji. Nami nikafungua mdomo nikamjibu nenda, unadhani nitakufa?

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Talaka moja haimalizi ndoa pale pale. Mwanamke anakaa eda, anahesabu damu zake za mwezi hadi ya tatu. Ndani ya eda mume akibadili moyo, anasema tu nimemrejea mke wangu, mbele ya watu wawili, na mke ni wake. Hakuna posa, hakuna mahari. Eda ikiisha kabla hajasema, mambo yanaanza upya kabisa: apeleke wazee, atoe mahari, afungishwe ndoa. Na nani anajua kama eda imekwisha? Mwanamke mwenyewe. Shehe haji kukagua. Neno lake ndilo linalopokelewa.

Nilikuwa namtaka. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikulisema. Kila jioni kabla ya saa ya kutotoka nje nilikuwa natandika kitambaa cha kushona karibu na dirisha la mbele, kumbe nasikiliza viatu. Damu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Yeye alikuwa amehamia gereji, analala kwenye kiti cha gari bovu, watu waliniambia, na wala hajatia mguu kwetu. Mama aliniona nikisikiliza.

“We mutoto, tulia,” aliniambia. “Mwanaume wa kukuacha kwa sababu umekimbia risasi, huyo wa nini?”

Mama alikuwa mjane wa siku nyingi, na kaka zangu walikuwa wameshavuka kwenda Tanzania. Tulibaki wawili. Tulikuwa tunasali kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega, sala zote tano, na baada ya salamu ananishika goti ndipo anyanyuke. Sikuliwazia hilo lolote wakati ule.

Basi ikafika harusi ya binti wa shangazi yangu. Mwanamke aliye edani kwetu haendi harusini, anakaa kwake ametulia. Wiki ile wimbo ulikuwa umepamba moto. Ulikuwa kwa msusi, kwa muuza mandazi, kwenye basi la Musaga, kote. Nami nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kutokuja, nilijikasirikia mwenyewe kwa kungoja, nikajiangalia kwenye kioo nikasema hata mimi najitosha. Nikapaka wanja. Nikapaka hina. Nikavaa kitenge cha harusi yangu mwenyewe, cha mwaka juzi.

Harusi zetu wakati ule zilifanywa mchana, kwa haraka, ili kila mtu awahi kwake. Nilipoingia uani wanawake wakageuka. Shangazi akaja mbio.

“Yoo! Na eda je?”

“Imekwisha jana,” nikasema.

Ilikuwa bado. Damu ya tatu ilikuwa haijaja hata dalili. Lakini neno likatoka, tena kwa sauti, na nilitaka litoke kwa sauti, nilitaka lifike gereji kabla ya magharibi. Nilitaka limchome. Vigelegele vikapigwa, mtu akabadilisha kaseti, nikavutwa katikati na wakanizunguka: leo najiposa mwenyewe! Nilicheza hadi hina ikachanganyika na jasho. Sijawahi kucheza vile tena. Mama alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, akaniangalia, akarudisha macho kwenye ungo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne mume wangu akafa.

Alikuwa amepanda lori la watu wa mawese kwenda Rumonge. Barabara ya kusini kila mtu alijua ilivyo, unapita Musaga, unashuka kando ya ziwa, na kuanzia hapo ni wewe na Mungu wako. Waliviziwa. Yeye na shofa wa lori hawakurudi wazima. Walimleta mchana, wakamzika kabla ya jua kuzama, na mimi nilisikia kwa muuza mkaa.

Nilikwenda matangani. Nilikaa mlangoni, na wageni, kama mtu aliyekuja kutoa pole tu. Ndani palikuwa na mkeka wa mjane, wameutandika kwa mazoea, hakuna aliyekalia. Mama mkwe alikuwa mwanamke mpole, hajawahi kuniudhi. Akaniita karibu, akanishika mikono miwili, akaniuliza mbele ya wote.

“Mwanangu, niambie. Eda yako ilikwisha, ao bado?”

Kama bado, ningekuwa mjane wake. Mume akifa ndani ya eda ya talaka moja, mke ni mke. Ningekalia ule mkeka, ningevaa nyeupe, ningekaa ndani miezi minne na siku kumi, nimlilie kwa haki. Lakini shangazi alikuwa pale, amekaa na wale wale walionipigia vigelegele. Ningewaambia nini? Kwamba nilicheza nikiwa edani?

“Ilikwisha, mama,” nikasema.

Akaniachia mikono taratibu. Mtu akakunja mkeka, akausimamisha ukutani.

Siku ya tatu ya msiba ndipo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyekuwa akifanya naye kazi, aliponifuata nikiwa naaga.

“Shemeji, mi nikuambie kitu, maana kinaniumiza. Jumamosi ile kaka alituita, mimi na fundi mwenzetu. Akanawa mikono vizuri, akavaa shati safi. Akasema nyinyi muwe mashahidi, leo nataka kumrejea mke wangu. Kabla hajatamka neno lenyewe, mke wa yule fundi akaingia anatoka harusini. Akatuambia umetoka eda. Tena akatuimbia na ule wimbo.”

Nilimuuliza mume wangu alisema nini.

“Alicheka. Akasema haya, amekuwa binti wa watu tena, basi nitamposa kama binti wa watu. Lakini mahari alikuwa hana. Kazi gani ilikuwepo gereji? Jumatatu akapata mtu wa mawese, akasema safari moja tu, nikirudi napeleka wazee. Mimi nilimwambia apana, kaka, njia ni mbaya. Akasema yeye siku mbili alifunua mashuka, hawezi kuogopa njia.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia ile ni fupi, lakini sikumbuki nilivyoipita. Nakumbuka gereji moja tu, redio iko juu ya boneti ya gari, na yule mwanamke anaimba mahari nimejilipa. Nilisimama pale pale barabarani, mafundi wakanipungia mkono wakacheka, kwa sababu walijua mimi ndiye niliyecheza. Nilitamani kuichukua ile redio niipigize chini. Sikuichukua. Ilikuwa redio ya watu.

Nilipofika nilikuta adhuhuri imeadhiniwa. Mama ametandika mkeka, ameshavaa ukaya wake, ananingoja nisimame upande wangu. Nilikwenda uani kutawadha, na huko ndiko nilikoiona. Ilikuwa imekuja. Ya tatu, imekuja sasa, siku ya tatu tangu mume wangu azikwe.

Nikarudi ndani, nikasimama nje ya mkeka.

“Husali?” mama akauliza.

“Leo siwezi,” nikasema. “Leo ndiyo imekuja.”

Nilidhani atashtuka. Nilitaka ashtuke, apige kelele, anipige hata kofi. Alikaa tu juu ya mkeka, akaanza kuusawazisha kwa kiganja mahali ambapo palikuwa pamenyooka.

“Najua,” akasema. “Mwenye damu hasali, nawe mwezi mzima hukuacha sala hata moja. Ningekosaje kujua? Ulikuwa hapa, begani kwangu.”

“Na harusini ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona hukusema, mama?”

Alikuwa mwanamke mkali, hajawahi kumwomba mtu kitu, na siku ile uso wake ulikuwa mdogo.

“Kaka zako wamekwenda. Nilisema labda wewe utabaki.”

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia wiki nzima, tukila sahani moja. Halafu ikapungua, kwa sababu uongo ulikuwa wangu, yeye alinyamaza tu, na nani katika nyumba ile alikuwa na haki ya kumnyooshea mwenzake kidole? Nilitaka kwenda kwa mama mkwe nikaseme. Mama akanishika nguo. Akasema ukienda, utamwambia mama wa watu kwamba mwanawe alifuata mahari ambayo hakudaiwa. Unataka alale na hilo? Sikwenda. Hadi leo sijui kama alimhurumia yeye au mimi au nafsi yake.

Nilikaa eda ya mjane. Mama aliwaambia majirani nina homa, kisha homa ya manjano, kisha nyongo, maradhi yote aliyapanga kwa zamu ili mtu asinitoe nje. Nikaacha wanja, nikaacha manukato, nikavaa kanga nyeupe ndani ya nyumba na kuivua mtu akibisha. Miezi minne na siku kumi. Wasichana waliokuja kuchukua nguo zao za kushonwa walinipitishia maneno dirishani: bibi wa kujiposa, umelala? Toka tucheze! Nami nilikuwa nawajibu kwa utani, kwamba nimejilipa mahari kubwa mno, nimebaki sina nguvu. Walicheka sana.

Siku ya mwisho mama alinichemshia maji ya kuoga, akaweka karafuu, kama anavyofanyiwa mjane. Baada ya hapo niliendelea na cherehani yangu, vita ikaendelea, wimbo ukachuja ukaja mwingine. Niliposwa mara mbili, nikakataa mara mbili, na watu wakasema yule anajipenda, hana haja na mwanaume.

Mama mkwe alifariki miaka mingi baadaye, vita ikiwa imeshakwisha. Nilikwenda kumwosha pamoja na wanawake wengine. Mmoja mgeni akauliza mimi ni nani kwa marehemu. Shangazi akanitangulia kujibu.

“Huyu aliwahi kuolewa na mwanawe,” akasema. “Waliachana.”

Nilimwagia maji mkono wa marehemu, ule ule ulionishika, nikasema ndiyo, tuliachana.