Skrini Alizoshona Zulma

Zulma Irigoyen alitunza kompyuta za ushirika wa maziwa wa Paysandú kwa miaka ishirini na minane. Mwanzoni alishinda mbio, jengo hadi jengo, chupa ya maji ya moto ya mate, kinywaji cha majani kama chai, kwapani, mashine moja ikipona nyingine ikizirai. Alipochoka, akatunga programu yake mwenyewe. Kila kompyuta ilionekana kwenye skrini yake kama kijumba; kikigeuka chekundu, aliitibu bila kuondoka kitini.

Na kila mfanyakazi, Zulma alimshonea skrini kwa kipimo chake. Mzee Anselmo, mpokea maziwa langoni, alitaka vitufe viwili tu: "Maziwa yamefika" na "Zulma, njoo." Hicho cha pili alikibonyeza hovyo.

"Mzee, kompyuta yako nzima! Umeniitia nini?"

"Mate inapoa, mwanangu. Hiyo si dharura?"

Zulma alinuna, kisha akaketi akanywa. Anselmo alipofariki, hakuna mwingine aliyemwita kwa jambo dogo namna ile.

Mwaka wake wa mwisho kazini ukaja mtambo mpya wa kompyuta kutoka Montevideo, wa kuchukua nafasi ya programu yake, pamoja na mhandisi wake, Ivonne Bentancor. Zulma alijiandaa kwa vita. Lakini Ivonne alikaa mchana kutwa akiitazama ile programu kuukuu.

"Dada, yote haya umeyatunga peke yako?"

"Na nani tena? Wewe ulikuwa bado unatambaa."

Ivonne akacheka. "Mtambo wetu nao unashonwa kwa kipimo cha mtu. Ila watu wako siwajui. Nitembeze, kila mmoja aseme anachotaka."

Basi wakazunguka wiki mbili. Zulma akashangaa: maabara ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, hana habari. Rulo, mpima maziwa wa hapo, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa kijana, alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Kumbe upo hai!" Rulo akamtania. "Mimi nilidhani siku hizi ni mashine inayojibu."

"Mwenzangu, umezeeka lini?"

"Ulipokuwa umekaa."

Neno hilo likamchoma Zulma, ingawa alicheka. Kila kijumba alikijua usiku na mchana. Lakini wenye vijumba hakuwatazama.

Siku ya kuhamia mtambo mpya, saa nne asubuhi, aliizima programu yake kwa mkono wake. Vijumba vikafifia kimoja kimoja. Alilia kidogo, Ivonne akamshika bega. Kisha akajipangusa uso, akaenda kula mkate na jibini kwa Rulo, wakaongea mpaka kipenga cha zamu kikalia.