Zisizo na Risasi

Nianze na kosa langu, nisije nikaambiwa nawatupia wenzangu lawama. Mimi ndiye niliyeweka risasi za kweli kwenye bunduki ndani ya karakana. Mikono ilikuwa yangu, hii hii miwili. Lakini maneno hayakuwa yangu, na aliyeyasema yupo hai, anakaa kwake Harrow, huku huku London, anakunywa chai yake ya maziwa, na leseni yake bado inaning'inia ukutani.

Yeye ni Mhindi wa Moshi. Kazaliwa kule, baba yake alikuwa na duka la bunduki na vifaa vya uwindaji, na alipohamia London kijana alikuja na ile kazi kichwani. Mimi nilimkuta mzee tayari, ana karakana ndogo Walthamstow, nyuma ya duka la mapazia, hatua chache kutoka sokoni. Nilikuwa nimetoka Arusha na cheti cha ufundi wa vyuma ambacho hapa hakuna aliyetaka hata kukishika. Nilikuwa nafagia maofisi. Siku moja nipo kituo cha basi naongea Kiswahili kwenye simu, mzee aliyesimama mbele yangu akageuka.

"We bwana, mtu wa wapi?"

Nikamwambia.

"Arusha! Jirani kabisa! Unaweza kukunja bati?"

Ndivyo nilivyopata kazi. Miaka minane tulifanya kazi pamoja, na tangu asubuhi mpaka tunafunga ni Kiswahili tu. Kiingereza kilikuwa cha wateja. Mimi nikimwita Mzee, yeye akiniita fundi.

Kazi yenyewe watu wengi hawajui kama ipo. Kuna bunduki za kuwindia za zamani, zile ambazo babu alimwachia baba na baba akamwachia mwanawe. Mtutu mzima, kitako chake cha mti kinang'aa, lakini magazini, kile kisanduku cha chuma kinachokaa tumboni na kubeba risasi, kimepotea au kimepondeka. Kiwanda kilishakufa zamani, dukani hakuna. Basi sisi tunakitengeneza upya kwa mkono. Kazi ngumu ni ile midomo miwili ya juu inayoshikilia risasi. Ikibana sana, risasi haitoki. Ikilegea, zinaruka zote nje kama panzi. Hakuna mashine ya kukuambia imekaa sawa, ni vidole vyako tu. Na vidole vya Mzee vilikuwa vinatetemeka, na macho yake yalikuwa na ukungu. Miaka minne ya mwisho, kila magazini iliyotoka pale niliitengeneza mimi. Wateja walimpa mkono yeye.

Sikujali, kwa sababu alikuwa ameniahidi. Jina langu lingeingizwa kwenye leseni ya karakana. Bila hilo jina mimi nilikuwa kivuli. Siruhusiwi kubaki peke yangu na bunduki hata akienda chooni, siwezi kupokea kazi, siwezi kusema hii ni yangu. Kila mwaka, "Mwakani, fundi." Mwaka wa mwisho kweli akajaza fomu. Nilipomwambia mke wangu alipiga vigelegele jikoni, na binti yangu, ambaye namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaniuliza kama sasa nitakuwa bosi. Tukawa tunamsubiri afisa wa leseni wa polisi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki ikaua, na risasi ni yale madini mazito yaliyomo ndani yake. Huku sheria zinabadilika, wanataka yale madini yaondoke kwenye uwindaji kwa sababu ni sumu, watu watumie shaba. Wateja wetu wakachanganyikiwa. Bunduki ya babu itaipenda shaba? Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha risasi kinakuwa kirefu zaidi. Mitutu mingine ya zamani inaikubali, mingine inazitawanya risasi hovyo, na kwa bunduki nyingine, kabla hata hujafika huko, risasi zenyewe hazienei kwenye magazini. Basi kutwa tunazungumza zenye risasi na zisizo na risasi. Tukicheka wenyewe. "Risasi zisizo na risasi! Haya jamani, lugha ya mama yenu hiyo!" Mzee alikuwa anacheka mpaka anafuta miwani.

Halafu kulikuwa na za majaribio, hazina baruti wala chochote, vyuma vitupu. Hizo tuliziita maiti. Mezani tunajaribu kwa maiti tu. Za kweli ni kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji. Hiyo ilikuwa amri, na mimi niliijua kama jina langu.

Asubuhi hiyo akaja mteja na bunduki ya babu yake kuchukua magazini niliyomtengenezea. Alikuja na boksi la risasi za shaba, anataka kujua kama zitapita. Akaliweka mezani, akakumbuka gari lake limesimama pabaya, akatoka mbio. Mzee alikuwa kwenye simu, anagombana kwa Kigujarati na nduguye. Akaziba simu kwa kiganja.

"Fundi, jaribu na zile zisizo na risasi."

Nikaangalia boksi. Nikamuuliza, "Hizi za mteja?"

"Hizo hizo, hizo hizo. Haraka, mtu anarudi."

Ningekataa. Najua. Ningesema, Mzee, weka simu chini kwanza. Lakini nilitaka kumwonyesha kwamba midomo niliyoikunja inameza hata zile ndefu, tena siku chache kabla ya afisa kuja. Kujionyesha, basi. Nikaweka tatu. Ya kwanza ikapita laini, ya pili ikapita. Ya tatu, nilipofunga bunduki, kifyatulio kilichochoka miaka mingi hakikushika.

Mlio ule ndani ya chumba kidogo siwezi kuueleza. Risasi ikatoboa ukuta, ikaishia kwenye friji bovu uani kwa jirani. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Nilikuwa nimekaa chini sisikii kitu. Mzee akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, analia.

"Kosa letu, fundi. Letu sote."

Nilimwamini. Haki ya Mungu nilimwamini.

Baada ya siku tatu afisa akaja, mwanamke mpole, na daftari, habari za ule mlio zimeshamfikia. Tukakaa watu watatu kwenye meza ile ile. Akamwomba Mzee aeleze. Mzee akakohoa, akaanza kwa kile Kiingereza chake cha wateja, taratibu. Akasema aliniambia nitumie za majaribio. Akasema aliniambia kwa Kiingereza, neno kwa neno. Akasema kwenye karakana yake amri zote za usalama hutolewa kwa Kiingereza. Kisha akaongeza, kwa huruma kabisa, kwamba mimi nina mikono mizuri sana, ila labda Kiingereza bado kinanisumbua.

Loh! Kiingereza changu chote kikayeyuka. Nikamgeukia.

"Mzee, sema ukweli. Ulisema zisizo na risasi. Nikakuuliza hizi za mteja, ukasema hizo hizo. Mimi naongopa? Nitazame basi, Mzee!"

Hakunitazama. Alimtazama afisa, akamuuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Nimeshatukanwa katika mji huu. Nimeshaitwa majina na walevi kwenye treni. Hakuna lililoniingia kama lile swali. Afisa akamuuliza kama anajua Kiswahili. Akatabasamu, akasema maneno machache tu, salamu, ya utotoni.

Nikajaribu kueleza mwenyewe kwamba neno ni moja na vitu ni viwili. Lakini ukieleza jambo hilo kwa Kiingereza, kwa hasira, linasikika kama kisingizio cha mtoto aliyevunja sahani. Afisa aliandika kila kitu. Yeye simlaumu.

Barua ikaja. Jina langu limekataliwa, na siruhusiwi kufanya kazi sehemu yoyote yenye bunduki. Yeye akapewa onyo.

Mke wangu alisema nimshukuru Mungu sikufungwa. Sawa. Lakini kinachonichoma ni kingine. Yule mzee angenifuata siku ile kabla afisa hajafika, akaniambia, fundi, leseni hii ndiyo maisha yangu, nibebee, pengine ningembebea. Ningenung'unika, lakini ningebeba. Hakuniomba. Alinitema tu, kama kapi la muwa.

Sasa nafunga milango ya vyuma ya maduka, Woolwich na pembeni yake. Kazi ya nguvu, haina akili. Mchana mmoja nipo ndani ya gari la kazi nakula, simu ikaita. Sauti niliijua kabla ya salamu kwisha.

"Fundi! Habari za siku nyingi? Mama watoto hajambo?" Kiswahili safi, kitamu, cha Moshi. Akasema msimu umeanza, wateja wamejaa, amemchukua mtu mwingine lakini hawezi, kila magazini inakwama upande wa kushoto. "Nisaidie, ndugu yangu. Ile midomo ulikuwa unaifanyaje?"

Nikamwacha amalize yote. Kisha nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anavyomwambia mgeni, kwamba samahani, lugha hiyo siielewi.

Akaita, "Fundi?" Nikakata simu.

Nilidhani nitasikia raha. Wapi! Chakula kilinishinda. Nikatazama chini nikaona kidole gumba na cha shahada cha mkono wangu wa kulia vimekutana, vinabana hewa, vinalegeza kidogo, vinabana tena, vinamtengenezea ule mdomo wa kushoto.