Siku Niliyomfanya Kidevu Mwizi wa Kuku

Mkitaka kunicheka chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Kyebando hata waendesha boda wa stejini wakiniona wanalia kama kuku, na sina wa kumlaumu ila huu wivu wangu. Nilimwonea wivu mwanamume ambaye hajawahi kukanyaga Uganda, hanijui, na hata tukikutana uso kwa uso atanipita akidhani nauza maji.

Mwanamume mwenyewe ni mwigizaji wa Marekani. Sisi tunamwita Kidevu, kwa sababu kidevu chake kina kashimo katikati, na kibandani hatuhangaiki na majina ya watu, tunawaita kwa kile tunachokiona. Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Kwenye kibanda cha video cha Mzee Mukasa filamu inacheza kwa Kiingereza, mimi nakaa pembeni ya skrini na maiki, nasema kila kitu juu ya sauti zao, siku nyingine ni Kiganda na anakuja mwenzangu, lakini Jumapili alasiri ni Kiswahili, ni siku yangu, kwa kuwa Wakenya wenzangu na Wakongo wanajaa wakitoka kanisani. Spika moja iko ndani, nyingine Mzee Mukasa ameitundika nje barabarani ili wapita njia wasikie utamu waingie. (Hiyo ya nje msiisahau, nitairudia.)

Sasa, Furaha, mchumba wangu, Mkongo, muuza vitenge, alikuwa anampenda Kidevu kwa namna iliyokuwa inanichoma roho. Maisha yake yote anayajua. Kwamba alianza kwa kuosha vyombo hotelini, kwamba mara ya kwanza kwenye televisheni aliigiza maiti (maiti, jamani, hata mimi naweza), kwamba alikuwa polisi kwenye mchezo wa televisheni miaka na miaka kabla filamu kubwa hazijamwita, kwamba mke alimwacha na akalia mbele ya waandishi. Na aliyemsomea hayo yote ni mimi, kwa kuwa Furaha hajui Kiingereza, ananiletea simu, "Nisomee hapa," na mimi kama mjinga nasoma na kutafsiri. Kidevu alipoanguka kutoka kwa farasi akavunjika mguu, Furaha alifunga siku mbili na kikundi chao cha maombi. Mimi nilipougua malaria aliniletea ndimu. Ndimu moja.

Basi Jumapili hiyo zilibaki siku sita niende kwao na wazee wangu kujitambulisha rasmi kama mkwe, na baba yake, Papa Furaha, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyekuwa ananishonea suti ya siku hiyo. Furaha akaja akakaa benchi la mbele, amesuka upya. Nikamuuliza, nywele hizo ni za Jumamosi yetu? Akasema, "Hapana, leo iko Kidevu mupya."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kidevu akatokea, akamshika mwanamke mkono, akamwahidi atarudi kumchukua, na mimi nikasema kwenye maiki, "Dada, usinisubiri, nina wake wawili na kesi ya kuiba kuku." Kibanda kikacheka. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zangu, lakini Furaha alikuwa amenuna, nikaona dawa inaingia, nikaongeza. Shida ni kwamba filamu haikuwa na habari kuwa Kidevu ni mwizi. Nyumba ikashika moto, akajitosa ndani, nikasema anafuata kuku. Akatoka na mtoto kifuani, nikasema moshi ulikuwa mwingi, kuku wamemponyoka, ameshika alichopata. Watu wakaanza kugeuka kuniangalia. Kisha akaenda hospitali kwa bibi kizee mwenye mvi, akapiga magoti akalia, na kwa kuwa nilishatangaza wake wawili ikabidi niseme huyo ndiye mke mkubwa.

"Mke gani mzee hivyo?" mtu akauliza huko nyuma.

Furaha akasimama. "Ule ni mama yake. Anamwita mama, hata mie nimesikia. Weye unasema bongo." (Kwao bongo ni uongo.)

Mwenye akili angekohoa akaendelea. Mimi, maiki iko mdomoni, nikamjibu. Nikamwambia yule hajui hata kama yeye Furaha amezaliwa, jerikeni zake za maji nabeba mimi wala si Kidevu, mguu wa Kidevu umefungiwa saumu siku mbili na malaria yangu imepata ndimu, na kama anamtaka basi Jumamosi aje Kidevu na wazee wake, mimi nimechoka kuwa watatu kwenye uchumba wa wawili. Mzee Mukasa alikuwa ananipungia mikono kwa nguvu, nikadhani ananiunga mkono.

Halafu nikasikia vicheko barabarani, vya watu wengi kuliko waliokuwa ndani, nikaikumbuka ile spika. Na chini ya ile spika, barazani, ndipo Papa Furaha anapoweka cherehani yake.

Pazia likafunguka akaingia, futi ya kupimia shingoni, mkono mmoja wa koti langu kwapani.

"Kijana," akasema taratibu, "ni mwanaume gani anagombana na picha?"

Hakuna aliyecheka, na hiyo iliniuma zaidi. Akakaa karibu na binti yake. "Anza tena. Sema vile wanasema."

"Ludisha firamu, ssebo," Mzee Mukasa naye akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kiganda (ssebo ni bwana), na wa nje wote wakaingia wakasimama ukutani.

Nikatafsiri upya, neno kwa neno, Kidevu akawa mwema, mama akawa mama, hadi pale anapomwambia yule mwanamke, "Kila mlango ukifunguka, nadhani ni wewe." Nikamtazama Furaha nione anavyomkodolea macho, ili nimchukie Kidevu vizuri. Alikuwa amefumba macho.

Watu walipotoka akanijia. "Mie sijui Kiingereza," akasema. "Maneno yake yote nasikia mu kinywa yako. Nikifunga macho, ni weye. Lakini siku zingine hausemi hata moja."

Papa akaukunja ule mkono wa koti. Akasema Jumamosi haipo tena, suti ataimaliza siku nitakapomwambia mtoto wake neno kama lile bila kile chuma cha maiki mkononi.

Wiki ya tano sasa. Mkono wa koti umening'inia ukutani kwa Papa, naupita kila asubuhi, na kila jioni naenda kukaa kwenye vitenge vya Furaha, nafungua mdomo, nasema, "Umeshindaje?" Ananitazama, anasubiri, naanza kumsaidia kukunja vitambaa. Nimeapa sitamsingizia Kidevu tena hata kifaranga. Ila wivu haujapungua, umezidi, maana kila Jumapili yeye anamwambia yote, bila kusitasita, kwa sauti yangu.