Kuhe Hawakukimbia

Ipo siku moja ambayo hainiachi, mwanangu, na leo imerudi yenyewe kwa sababu ya ombi lako. Umeniomba mteremko wa Bangwe, ule aliotuachia baba yako, ukate miti yake, uchome mkaa, kisha upande muhogo. Tangu juzi unangoja. Usidhani nimesahau. Kuna majibu ambayo lazima kwanza yapite kwa waliokufa ndipo yafike mdomoni.

Mimi ni mtoto wa Kalinzi, unajua. Nililelewa kwenye ukungu na kahawa, na nilipoletwa ziwani bibi harusi sikujua hata kuchota maji bila kuteleza. Mama mkwe wangu, bibi yako Feza, ambaye hukumkuta, alivuka kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, na Kiswahili chake hakikuwahi kuvuka pamoja naye. Mwanzoni nilimwogopa kuliko nilivyoliogopa ziwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Upepo wa kusini ulikuwa umelipiga ziwa mpaka maji yakawa ya kuuma mifupa. Tulishuka mimi naye na masufuria kwenye majabali, chini ya mteremko huohuo unaouomba. Nilipoinama nikamwona kuhe, samaki wa urefu wa mkono wangu mzima, amesimama kwenye maji ya magotini. Mwenzake alikuwa pembeni. Nilipiga maji kwa mguu, hawakukimbia. Nikaona leo Mungu amenikumbuka, kitoweo kimekuja chenyewe jikoni. Nikainua sufuria nimfunike.

Mkono ukadakwa hewani.

"Weye bibi harusi wa mulimani! Unataka kumupika na nyumba yake?"

"Mama, mbona hakimbii? Labda ni mgonjwa."

"Mugonjwa ni weye. Angalia chini yake."

Nikaangalia. Chini ya tumbo lake palikuwa na kitu kama moshi, kinatanuka na kujikusanya. Walikuwa watoto, wadogo kuliko chenga za mchele, wengi wasiohesabika.

"Hawa hawali," alisema Feza, sauti imeshuka. "Baba na mama, hawali kitu mpaka batoto bakue. Sisi tunafunga Ramadhani, lakini jioni magharibi inafika. Yao haina magharibi. Utamufunikaje mutu kama huyo?"

Kisha akachana ukingo wa kitenge chake kikuukuu, akaufunga kwenye kichaka kilichoinamia maji. Ndiyo ilikuwa desturi ya ufuko ule. Aliyemkuta kuhe analea alifunga kitambaa, na waliokuja nyuma yake wakahamisha masufuria yao, nyavu zao na makelele yao mpaka watoto watawanyike. Hakukuwa na askari wala faini. Kilitosha kitambaa, na ulimi wa wanawake wa Bangwe, ambao, nakuhakikishia, ulikuwa mkali kuliko faini.

Kabla hatujaondoka alinishika kiganja akakilaza juu ya jiwe ndani ya maji. Lilikuwa na utelezi wa kijani. "Hii ni shamba," akasema. "Samaki badogo banalima hapa. Na hii baridi unayolalamikia ndiyo mbolea. Upepo unakoroga ziwa kama uji, kilicho chini kinapanda juu. Uji usipokorogwa, utakula nini?"

Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilidhani ni maneno ya mwanamke anayependa kufundisha.

Miaka ikapita, mji ukakua. Mteremko wa ng'ambo ya ghuba, unaotazamana na wetu, ukakatwa miti yote. Watu walihitaji kuni, walihitaji viwanja, na hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Bandu bandu, gogo likaisha. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalishuka mekundu kama chai iliyozidi majani.

Kulipokucha Feza alinichukua tukaenda ng'ambo. Alikuwa amefunga kitambaa pale siku chache kabla, kwa ajili ya kuhe wawili waliokuwa wakilea. Tulikikuta palepale, kimelowa, fundo lake halijaguswa. Kila mtu alikuwa amekiheshimu. Lakini maji yalikuwa tope, na tope lilipoanza kutulia tuliyaona majabali yamevaa kanzu nyekundu. Ule utelezi wa kijani ulikuwa umefunikwa. Ule moshi wa watoto haukuwepo.

Kuhe walikuwepo. Mwanangu, walikuwa wanapunga mapezi juu ya jiwe, wanapepea tope, na tope linarudi, na wao wanapepea tena. Tulisimama mpaka jua likachoma utosi. Hawakukimbia. Uaminifu uleule uliowafanya wasiiogope sufuria yangu uliwabakiza pale wakilinda jiwe tupu. Tuliporudi siku nyingine, mmoja alikuwa akielea ubavu juu, na mwingine hatukumwona.

Feza hakulia. Alifungua kitambaa, akakikamua, akatazama juu kwenye mteremko uliokatwa.

"Tulifunga chini," akasema. "Kumbe mulango wa hii nyumba uko kule juu."

Hakuwahi kufunga kitambaa tena upande ule. Na hadi leo, wewe uliyezaliwa hapa hujawahi kuyaona majabali ya ng'ambo, yalizikwa. Unapaita mchangani.

Sasa nikukumbushe jambo lako mwenyewe. Ulikuwa umekaa hapahapa na simu yako, ukanisomea habari za matumbawe ya baharini. Ukanieleza kwamba maji yakizidi joto, matumbawe hufukuza vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe kama mifupa, yana njaa. Ukasema joto likipungua mapema huweza kupona, lakini palipo na tope na uchafu, kupona ni kwa shida. Nikauliza, "Kwa hiyo joto na tope vimeungana?" Ukasema ndiyo. Kisha ukacheka: "Afadhali sisi hatuna bahari, mama."

Sikucheka.

Kiangazi kilichopita nilishuka kwenye majabali yetu nikatia miguu. Nilingoja ile baridi ya kuuma mifupa. Nilingoja sana. Maji yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Upepo ulipita juu juu, kama mgeni asiyetaka kuingia ndani. Nikakumbuka uji wa Feza usiokorogwa: maji ya juu yamepata joto, yamelala juu ya yale ya chini, na chakula kimebaki kilindini wasikofika samaki. Wageni wanakuja ufukweni wanapiga picha, wanasema ziwa zuri, la buluu. Nyumba njema si mlango. Wewe unayeingia ndani kwa mtumbwi unajua unarudi na dagaa kiasi gani.

Najua, mwanangu. Nasikia mjukuu wangu akiuliza kama leo kuna mboga, nasikia na unavyomjibu. Kwa hiyo sikuiti mharibifu. Mtu ambaye ziwa limemnyima, lazima atageukia mlima. Lakini mlima ukiukata, udongo wake utaishia ziwani, na utaumaliza mlango wa mwisho.

Nasaha yangu ni hii, na sitaifunika kwa mafumbo. Joto la maji hatukuliwasha sisi peke yetu, wala huwezi kulizima kwa kushika au kuacha jembe. Mgonjwa wa homa huwezi kuiamuru homa yake itoke, lakini unaweza kuacha kumkanyaga kifuani. Jiwe safi, mti uliosimama, udongo uliobaki mahali pake, hayo ndiyo yaliyomo mikononi mwetu. Madogo, ndiyo. Mtu huulizwa alichokuwa nacho mkononi.

Mteremko sikupi. Nakupa Kalinzi, kile kipande cha baba yangu, ambacho kahawa yake inaninunulia sukari na dawa. Kuanzia sasa utaninunulia wewe, ukijaliwa. Utakuta matuta yamekingama mlima na majani yamepandwa kingoni. Usiyang'oe hata shamba likionekana dogo. Yaliwekwa na watu waliojua udongo unavyokimbia.

Wala siwezi kukuahidi kwamba kuhe watabaki. Mwaka jana aliyekuja alikuwa mmoja. Alizunguka majabali yetu, akangoja, mwenzake hakuja, akaenda zake. Huenda tumechelewa. Hata hivyo mtu hazimi taa ya nyumba kwa kuwa msafiri amekawia.

Jana nilipanda pole pole hadi juu kabisa ya mteremko, njia inapoanzia, nikafunga kitambaa kwenye mti wa kwanza. Ni kitenge cha Feza, kile kile alichokichana siku ile. Kikichakaa nami sipo, funga kingine, na mwambie mwanao kwa nini kiko juu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki isiyotoka kinywani mwa mwingine. Kila utakapofunga kwa ajili ya wanao, akufikishe magharibi. Na siku utakapomshusha mjukuu wangu kwenye yale majabali, atie miguu majini, Mungu ajalie maji yamuume mpaka alie.