Tarishi Aliyetumwa Maji

Araba Quansima alikuwa tarishi wa ofisi ya ardhi hapa mjini Sekondi kwa miaka ishirini na miwili. Alikwisha kukaa kwenye juri, lile baraza la raia saba wanaoamua kesi, mara tatu. Sisi wengine sita tulioitwa naye safari hii hatukuwahi hata mara moja. Kwamena, mchukuzi wa soko la samaki, alishtakiwa kwa kuua mtu pale sokoni. Adhabu ni kitanzi, kwa hiyo sheria ilitaka wote saba tuwe na neno moja.

Kwenye chumba cha juri tulitakiwa kwanza kuchagua kiongozi. Bwana Bentsil, meneja wa benki, alikwisha kukaa kichwani pa meza. Hakuna aliyemkaribisha pale.

"Auntie Araba," akasema, "hebu tutafutie maji, koo zimekauka."

Akainuka. Alikuwa amezoea kutumwa. Aliporudi na jagi, mikono ilikuwa imeshanyooshwa kwa Bentsil. Wangu pia, mimi mwalimu, niliyejua fika nani anaijua kazi ile.

"Mmeshachagua?"

"Ah, mama, kwani wewe ungemchagua nani?" akacheka mhandisi mmoja kati yetu.

Bentsil akaanza. "Shahidi alimwona Kwamena kwa macho yake, hatua hamsini tu."

"Katikati ya moshi wa tanuri za samaki?" Araba akadakia, jagi bado mkononi. "Mimi nimezaliwa kwenye tanuri zile. Zikiwaka zote, hata mumeo humjui mpaka akohoe."

"Auntie, hapa tunapima ushahidi, hatukaushi samaki."

Wakacheka. Nikainamia glasi yangu. Bentsil akatuuliza mmoja mmoja, tukasema ana hatia, akampita Araba kama kiti kitupu, akagonga mlango kumwita karani.

Mahakamani jaji akauliza kama tumekubaliana.

"Sote, Mheshimiwa. Ana hatia."

Araba akasimama. "Mimi sijaulizwa. Wenzangu waliulizwa, mimi namimina maji. Sikubali!"

Bentsil akamvuta nguo. "Kaa chini, mama, unatuaibisha!"

"Kaa wewe! Si ndiyo kazi yako tangu asubuhi?"

Jaji akaweka kalamu chini, akatuuliza kila mtu peke yake. Zamu yangu ilipofika, nikasimama. Nikasema sikubali. Ningeweza, ningeukata ule mkono nilionyoosha.

Jaji aliamuru kesi isikilizwe upya. Kwamena bado yuko rumande.

Juri mpya imeshaketi. Kiongozi wao, nasikia, ni daktari. Maji sijui alitumwa nani.