Fundi Aliyesema Radi Itapiga

Niyomwungere hajui kutembea akitazama chini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi umeme wa chuo kikuu kile cha kilimani, nje kidogo ya mji wa Kasulu, na macho yake yalishinda kwenye mapaa na nguzo, ndiyo maana kidole gumba cha mguu wake wa kulia hakina kucha. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akalima mihogo Nyakitonto. Yeye alizaliwa huko, akapata uraia pamoja na wazazi, akajifunza ufundi, akamwoa Esteri. Binti yao mkubwa, Irakoze, yuko mwaka wa kwanza hapo hapo chuoni. Niyomwungere ni mtu mpole, ila ana ubishi mmoja: kitu kikiwa kibovu atakisema, na hatanyamaza mpaka kitengenezwe. Ubishi huo ndio uliomponza.

Oktoba ya mwaka jana alipanda paa la ukumbi mkubwa wa mihadhara kurekebisha taa, akakuta waya wa radi umekatwa. Ni ule utepe mnene wa shaba unaoteremka kutoka paani mpaka ardhini, ili radi ikipiga ipite humo na kuzama udongoni badala ya kupita kwa watu. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wameondoka nao karibu wote, wakaacha kipande kinaning'inia ukutani. Na milima hii si ya kuchezea. Mvua zikianza, radi hupiga miti, hupiga ng'ombe, hupiga hata watu waliojikunyata jikoni kwao.

Akamwendea Rashid, afisa majengo, mtu wa Tanga, muungwana asiyejua kumkatalia mtu wala kumkubalia. Rashid akamwambia aandike barua. Akaandika. Barua ikaenda kwenye Kamati ya Maafa, na kamati ilikuwa na shughuli zake: ilikuwa ikiandaa zoezi la uokoaji. Mabango ya kijani ya mahali pa kukusanyikia yakasimikwa, mitungi ya kuzimia moto ikafungiwa stoo isije ikaibwa, wajumbe wakavaa vizibao vya kung'aa wakapigwa picha. Utadhani maafa yenyewe yangeona aibu kuja. Kwenye kikao cha tathmini, wenzake wakisubiri chai, Niyomwungere akanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, mabango ni mazuri," akasema. "Lakini kabla Novemba haijaisha, radi itapiga ukumbi ule, na itaua mtu."

Wakacheka kidogo. Katibu akaandika kwamba hoja imepokelewa.

Novemba ilikuwa imebakiza siku tisa. Alhamisi, saa tisa mchana, radi ikapiga ukumbi ule. Wanne waliungua. Wa tano, Odilia, binti wa Kumsenga kule Kibondo, alikuwa ameegemea nondo za dirisha. Niyomwungere ndiye aliyemlaza sakafuni akamkandamiza kifua kama walivyofundishwa kwenye zoezi, akakandamiza mpaka mikono ikafa ganzi, na daktari alipofika akamshika bega akamwambia inatosha. Alilia mbele za watu bila kujificha.

Utadhani baada ya hapo watu waliuliza waya ulikwenda wapi. Wapi! Huku kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba radi hutumwa, na anayeamini hivyo hana haja na waya, anamtaka aliyetuma. Msibani Kumsenga, mjomba wa marehemu alisimulia alichosikia kwa wanafunzi waliosindikiza mwili: kuna fundi alitaja ukumbi, akataja na mwezi. Alijuaje? Swali hilo lilifika Kasulu kabla ya basi la wasindikizaji. Sokoni wanawake wakaacha kumsogezea Esteri nafasi ya kutandika mihogo yake. Longinus, fundi bomba aliyekula naye ugali miaka yote kumi na moja, akaanza kula peke yake. Na wale wa kamati, wasomi watupu, wakanyamaza kimya. Ukimya uliwafaa, maana aliyetuma radi akishapatikana, nani tena ataulizia barua?

Rashid akamwita ofisini, akafunga mlango. Akamwambia shaba mpya imefika, iko stoo.

"Nipe ngazi, bosi. Ni kazi ya siku moja," Niyomwungere akasema.

Rashid alikuwa akitazama meza. "Mzee wangu, watu wakikuona juu ya paa lile na waya mkononi, mimi sitaweza kukulinda. Kaa getini kwanza."

Mafundi wengine walikataa kuugusa ukumbi ule. Aliyeitwa kutoka Kigoma aliahidi kuja, akaahidi tena. Basi shaba ikakaa stoo pamoja na mitungi, na Niyomwungere akakaa kwenye kibanda cha getini, anainua kizuizi, anakishusha. Nyumbani Esteri alimwomba, kwa Kirundi chao, asitaje tena mvua mbele ya mtu yeyote, hata akiulizwa tu kama itanyesha. Akakubali. Lakini alimwambia Irakoze kwa siri kwamba akisikia ngurumo akiwa ukumbini, atoke aje getini. Wanafunzi wengine mia nne hakuwaambia kitu, na aibu hiyo anaijua mwenyewe.

Jumanne moja ya Machi, wakati wa kipindi cha mchana, wingu likapanda kutoka upande wa Titye. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Mlango wa ukumbi ukafunguka, Irakoze akatoka peke yake, daftari kichwani, akavuka uwanja mbio mpaka kibandani. Niyomwungere akashusha pumzi. Halafu akainua macho, akaona madirisha ya ukumbi yamejaa nyuso. Walimwona binti wa fundi alivyotoka, na walimwona baba yake alivyompokea.

Irakoze naye akageuka akawaona.

"Baba, leo ikipiga, watasema tulijua," akasema. "Nirudi?"

Alitaka kumshika mkono, akaogopa kuonekana akimshika. Alitaka kumwambia arudi, akaliona wingu liko karibu. Akainua kizuizi, ingawa hapakuwa na gari, akakishusha tena. Irakoze akasubiri kidogo, akajifuta uso, akarudi ukumbini akitembea taratibu, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Umeme ukamulika. Niyomwungere akaanza kuhesabu kimoyomoyo, kama alivyomfundisha Irakoze alipokuwa mdogo ili ajue radi iko mbali kiasi gani: hesabu ikiwa fupi, radi iko karibu. Ngurumo ikamkuta kwenye tatu.